Watoto wamefungua magendo ya ubuyu chini ya kitanda

Habari zenu wasomaji wangu. Meseji za mwezi huu zimekuja nyingi alafu cha ajabu karibu zote zimeangukia sehemu moja, ile tamthilia ya watoto na chokoleti inayozunguka kwenye maflashi hapa Kigoma, Bootleg. Kwa ambao haijawafikia, ni ya BBC ya mwaka 2002, imetoka kwenye kitabu cha Alex Shearer. Chama kimoja huko Uingereza kinajiita Good For You, yaani chama cha mambo yenye faida kwako, kinashinda uchaguzi kinapiga marufuku chokoleti nchi nzima, na vijana wawili wadogo, Smudger na Huntly, wanaanza kuitengeneza na kuiuza kwa siri. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeiacha ndefu hivohivo maana nikiikata nitaiharibu.

*

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Gungu, wa kwanza wa kiume ana miaka 13, wa kati msichana 10, wa mwisho 7. Huyu wa mwisho mwezi wa pili meno yalimuoza hadi akang'olewa mawili, usiku analia nyumba nzima tuko macho, na daktari akaniambia mama hizi ni pipi. Basi niliporudi na hasira zangu na uchovu nikawaita wote sebuleni nikasema kuanzia leo humu ndani hakuna pipi, hakuna ubuyu, hakuna kashata, hakuna jojo, hakuna barafu, na asiniulize mtu. Wakanyamaza. Nikajua yameisha.

Pasaka kaka yangu akaja na treni toka Dar, akawaletea flashi ina hiyo tamthilia, wakaiangalia siku tatu mfululizo, mkubwa anawatafsiria wenzake maana ni Kiingereza. Mi nakatiza na masufuria yangu naona watoto wa kizungu wanakimbizwa na walinzi nikasema ah, mambo ya watoto hayo.

Wiki kama tatu baadae nafagia chumbani kwao nakuta ndoo ya rangi chini ya kitanda, nafunua, ubuyu! Umefungwa kwenye vipaketi vizuri kabisa, na pembeni kuna daftari la hisabati. Shangazi nilikaa kitandani nikalisoma lile daftari mpaka miguu ikafa ganzi. Majina ya watoto wa mtaa mzima yamo, aliyelipa kawekewa vema, anayedaiwa kazungushiwa duara. Kuna na neno la siri, unagonga dirisha mara tatu unasema mwisho wa reli, wa ndani anajibu Kigoma, ndo unapewa. Alafu ukurasa wa nne nakuta imeandikwa BABA, paketi saba, hajalipa, 1,400.

Baba, Shangazi! Mwenye nyumba! Nilipomuuliza alicheka mpaka akatoka nje. Mama mkwe yeye anasema fimbo, tena leo leo. Na mkubwa nilipombana akanijibu bila aibu, mama sheria mbaya haifuatwi, hata wale kwenye tamthilia walikataa. Niwachape? Nizime TV? Maana naona kama ile kitu inafundisha watoto ukaidi tu.

Mama wa Gungu

*

Marahaba mwanangu. Kwanza niache nicheke. Mwisho wa reli, Kigoma. Huyo aliyetunga hilo neno mtunze, atakuja kuwa mtu.

Sasa hiyo tamthilia umeikatiza na masufuria kwaiyo umeona mbio tu, ukakosa penyewe. Kile chama hakikuja na bunduki. Kiligombea kama vyama vingine, watu wazima wakakiona cha kuchekesha, wakasema hawa hawawezi kushinda, siku ya kura kila mtu ana shughuli zake, mwingine kalala. Wachache waliokwenda ndio walioamua. Asubuhi chokoleti haipo, pipi hazipo, na wanaolia zaidi ni watoto ambao kura hawana na hakuna aliyewauliza. Mi nilipoiangalia nilijiona nasemwa mimi, sio watoto, maana kuna uchaguzi mmoja wa serikali za mitaa nilikuwa nauza vitenge vyangu sokoni nikasema foleni ndefu ntapiga mwakani, kumbe mwakani hakuna. Ukaidi unaouona wewe umekuja baadae kabisa, wakubwa walishalala.

Najua chokoleti kwetu sio kitu cha kumtoa mtu machozi. Kakao inalimwa kule Kyela inaondoka zake, na ukinunua chokoleti mjini saa saba mchana ukifika Katubuka imeshakuwa uji. Kwaiyo ukitaka kuonja uchungu wao badilisha kidogo. Amka siku moja uambiwe mawese marufuku mkoa mzima. Samaki wako wa mgebuka unamkaanga na nini? Mboga unaiungia nini? Alafu apite mgambo, aingie jikoni anuse sufuria. Kule wana mashine za kunusa chokoleti, huku sidhani kama mashine ingehitajika, mawese yanajisema yenyewe toka barabarani. Na ukiulizia sababu unajibiwa ni kwa faida yako. Hapo ndo utamuelewa Smudger.

Sasa nikwambie kitu usinichukie. Kwako wewe ndo ulikuwa Good For You. Tena sababu yako ilikuwa nzuri kuliko yao, kuna mtoto kang'olewa meno mawili, nani atabisha? Ila ile sababu ulibaki nayo mwenyewe kifuani, wao wakapewa amri tupu na asiniulize mtu juu yake. Mkubwa na yule wa kati meno yao mazima. Wamefungiwa kwa meno ya mdogo wao, hawajui ni mpaka lini, hawajui wafanyeje ili yaishe. Mtu mzima ukimfungia hivo kazini anaenda kulalamika chama cha wafanyakazi. Mtoto hana pa kwenda, ana chini ya kitanda.

Lakini subiri, usimvike mwanao kilemba cha shujaa. Rudi kwenye daftari ukurasa wa nne. Paketi saba, 1,400. Gawanya. Ni 200 kila paketi, na ubuyu wa hivo nimemtuma mjukuu wangu jana akanunua kwa 100. Kwaiyo huyu bwana mdogo anayekwambia sheria mbaya haifuatwi, sheria yako imemlipa vizuri sana, na ukiifuta leo wa kwanza kuumia ni yeye. Angalia na jina la yule wa miaka 7 kama limo, na limo kwa shilingi ngapi. Kama kamuuzia mdogo wake mwenye mapengo ya meno kwa 200, hapo ndo pana kesi, sio kwenye ndoo.

Hilo neno lenyewe Bootleg ni magendo, lilitokana na watu kuficha chupa ya pombe kwenye shingo ya buti. Marekani walipiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, nia ilikuwa watu waache ulevi watunze familia zao. Watu hawakuacha. Wakanywea vichochoroni, bei ikapanda, na jamaa kama Al Capone kule Chicago wakatajirika mpaka wakawa wanatembea na majeshi yao. Mnywaji alibaki palepale na kiu yake ila sasa analipa zaidi.

Na mimi nisijifanye nimesoma hayo kwenye vitabu. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Ujiji. Wakubwa mnakumbuka, sabuni hakuna, sukari hakuna, dawa ya meno hakuna, foleni alfajiri na ukifika mbele umeambiwa imekwisha. Na sisi Kigoma tuko mpakani, ng'ambo vitu vimejaa, kwaiyo vilikuwa vinakuja usiku. Ndo mwaka huo ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati ule, watu wanamwaga mali vichakani na majini kwa hofu. Basi mama akanifunga mche wa sabuni tumboni na kanga, juu nikavaa sare ya shule, nikatumwa kwa bibi. Njiani nakutana na mgambo ananiangalia tumbo ananiuliza we mtoto mbona umenenepa, nikamwambia nimekula mihogo mingi. Akacheka akaniacha. Miaka na miaka nilijiona jasiri sana kwa ile sabuni, mpaka nilipokua nikaja kujua yule jirani aliyemuuzia mama alimuuzia mara tatu ya bei, na alijenga nyumba ya bati mwaka uleule. Mama alikuwa anafua nguo za watoto wake. Jirani alikuwa anajenga. Na wote tuliwaita wa magendo, jina moja.

Kwaiyo mkubwa akirudi tena na hotuba yake wala usibishane nae kuhusu tamthilia, utashindwa, ana Kiingereza kuliko wewe. Mwulize tu, wale watoto wa chokoleti wangewauzia ndugu zao mara mbili? Alafu nyamaza.

Fimbo hapana. Ukiwachapa kwa ubuyu itabidi uanze na yule wa ukurasa wa nne, na sidhani kama mama mkwe atakubali mwanae achapwe. Mwambie bibi yao taratibu kwamba hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto anayeweza kutoa maoni asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, kama hataki sheria mwambie tu Shangazi kasema.

Kaa nao watatu, zima simu, mfungue mdogo mdomo wote waone yale mapengo, waambie usiku ule ulikuwaje na ulilipa shilingi ngapi. Hawakuwa wameona, walisikia kilio tu. Huyo mdogo marufuku yake ibaki, ila ipe tarehe, mpaka akaangaliwe tena na daktari. Hao wengine wawili wapewe siku, tuseme Jumamosi baada ya chakula, na mswaki usiku wenye dawa, hilo halina mjadala maana ubuyu una ukali wake wa asili na juu wameupaka sukari, unaganda kwenye meno. Yule msichana wa kati muachie kalamu aandike yeye makubaliano, nina hisia zile vema na maduara ni mkono wake. Ndoo uza kwa 100 hadi iishe, faida ya ile 100 ya juu irudi kwa waliolipa, mkubwa mwenyewe azunguke mtaani kuirudisha nyumba kwa nyumba. Itamuuma hiyo kuliko fimbo.

TV iache. Ila na wewe weka masufuria chini siku moja uiangalie yote.

*

Shangazi habari yako. Mi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Kijana wangu wa miaka 11 kaiona hiyo tamthilia kwa jirani alafu akaja kuniuliza, baba mbona 2024 walipofunga ziwa nyie mlikubali tu, mbona hamkufanya kama wale watoto? Nilikosa jibu. Na ukweli miezi ile mitatu tuliteseka, kuna siku tumelala na uji. Nimjibu nini?

Baba wa Kibirizi

Swali zito hilo na mtoto wako anastahili jibu la kweli, sio nyamaza hujui kitu.

Muanzie hapa. Chokoleti ukila leo haizuii kesho isiwepo, kiwanda kinatengeneza nyingine. Samaki hana kiwanda, ana ziwa. Tanganyika ni refu, lina kina cha karibu mita 1,470, ukiliangalia toka Bangwe unaona halina mwisho, ila dagaa na mgebuka wanazaliana kwa kiasi na nyavu zimeongezeka kila upande. Na sio letu peke yetu, Kongo ndo wana sehemu kubwa, karibu asilimia 45, sisi 41, Burundi na Zambia zinagawana kilichobaki. Tukipumzisha sisi wengine wakivua tumefanya kazi bure, ndo maana yale makubaliano yalikuwa ya nchi zote nne. Na ilikuwa na tarehe, 15 Mei mpaka 15 Agosti, mlijua siku ya kufunga mkajua na ya kufungua. Kile chama cha kwenye tamthilia hakikuweka siku ya mwisho, wala hakikuwa na kitu kinachoweza kuzaliana wakati watu wanasubiri.

Atakwambia mbona mwezi ukiwa mkubwa huwa mnapumzika wenyewe bila kuambiwa na serikali? Mwambie ile ni kwa sababu ya taa, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaji kwenye taa zenu, ni kupumzika kwa kulazimishwa na mwezi. Ila ni mlango mzuri wa kuanzia mazungumzo, anakua anajua kwamba kuna siku mtu wa ziwani hashuki majini na maisha yanaendelea.

Alafu usimfiche nusu ya pili. Ziwa lilifungwa, marejesho ya mkopo wa injini hayakufungwa. Kodi ya nyumba haikufungwa, michango ya shule wala tumbo havikufungwa. Mwenye mitumbwi mitano alikuwa na akiba, wewe baharia wa kugawana siku kwa siku ulikuwa na nini? Hilo ni la kulisema na lina pa kusemwa, kwenye BMU yenu, yaani kile kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, na kwenye mikutano ya kijiji na mtaa, kabla tarehe nyingine haijapangwa: tunakubali kupumzisha, je wa chini kabisa atakula nini miezi mitatu? Ukienda kwenye kikao kijacho mchukue huyo kijana akae nyuma asikilize, najua vikao vyenyewe vinachosha na mwenyekiti anachelewa, ila aone baba yake anasimama anaongea. Anadhani mlikubali tu kwa sababu hajawahi kuwaona mkibisha.

*

Shikamoo Shangazi, mi niko form three hapa Tabora. Hiyo tamthilia ni ya kutunga, naomba kujua kuna sehemu yoyote watoto kweli walikataa amri ya serikali wakashinda? Tunabishana bwenini.

Mwanafunzi

Marahaba. Ipo, na unaisherehekea kila mwaka bila kujua. Tarehe 16 Juni mnavaa fulana mnaandamana na bendi mnaimba mashairi mbele ya mgeni rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika. Mshajiuliza kwanini 16 Juni?

Ni Soweto, 1976. Serikali ya makaburu iliagiza shule za Waafrika zifundishe masomo kama hisabati kwa Kiafrikaans, lugha ya wale wanaowatawala, ambayo watoto wengi hawaielewi vizuri na walimu wengine hawaiwezi. We fikiria mwalimu wako wa hesabu anafundisha kwa lugha ambayo na yeye anaitafuta kwenye kamusi. Watoto wakatoka madarasani kwa maelfu, na sare zao na mabango yao, polisi wakawapiga risasi. Mmoja wa waliokufa siku ile ni Hector Pieterson, alikuwa na miaka 12 tu, ile picha yake akiwa amebebwa mikononi ilizunguka dunia nzima.

Sasa walishinda? Bwenini mtabishana tena hapa. Ile amri ya lugha iliondolewa, ndio. Ila ubaguzi wenyewe ulichukua miaka mingine 18 mpaka uchaguzi wa 1994, na baadhi ya wale waliotoka siku ile hawakuifikia. Umoja wa nchi za Afrika ukaamua siku hiyo iadhimishwe kuanzia 1991. Kwenye tamthilia mambo yanamalizika ndani ya vipindi vichache watu wanakumbatiana, huku kwenye maisha walikuwa wanazikwa wenzao wikiendi.

Na hapa kwetu kuna zuio lililowahusu wenzenu kabisa, wasichana waliopata mimba kutorudi shule hata baada ya kujifungua. Mwaka 2017 likatamkwa hadharani na Rais mwenyewe, Magufuli, na Novemba 2021 serikali ikatangaza wanaruhusiwa kurudi. Hapo wanafunzi hawakuandamana, waliosema miaka yote ile ni mashirika na wazazi na baadhi ya wabunge, kwa kuandika, kwa kesi, kwa kusumbua. Inachosha hiyo njia na haitengenezewi tamthilia. Na wewe bwana una mitihani, kabishaneni ila mlale mapema.

*

Shangazi hiyo kitu naweza kumuwekea mdogo wangu wa miaka 5 au itamtisha?

Dada, Mwandiga

Ilitengenezwa kwa ajili ya familia, damu hakuna na matusi hakuna. Ila kuna sehemu watu wanakamatwa wanapelekwa kufunzwa upya wasiitamani tena chokoleti, na hapo mtoto wa miaka 5 anaweza kuota usiku. Kaa nae, mpakate, ikifika hapo muulize yeye angeificha wapi. Mjukuu wangu alinijibu angeificha tumboni, yaani angeila yote kwanza. Sijaona mlinzi wa kumshinda huyo.

Nimemaliza kwa mwezi huu. Na Baba wa Gungu, kama gazeti limekufikia, ile 1,400 bado iko wazi, ila lipa 700.